Theluji ya mwanzo wa msimu Kilimanjaro: isome kabla hujaikanyaga



Wiki iliyopita mshkaji wangu mmoja wa hapa Buzuruga kanifuata mbio mbio. Kapata dili la upagazi Kilimanjaro kuanzia Desemba, nauli ya basi mpaka Moshi kashaitafuta, sasa ana swali moja tu: "Hivi theluji ikoje? Ni kama ile barafu ya kwenye friza?" Nikacheka. Halafu nikagundua jibu sina.

Kicheko kikaisha kabisa aliponikumbusha habari za kaka yake. Jamaa alipanda mara moja tu, aliyempa kazi akamwambia raba zinatosha, akarudi Mwanza na vidole viwili vya mguu vina ganzi. Ganzi hiyo anayo mpaka leo. Huyo aliyempa kazi simtaji, hayuko peke yake.

Basi nikakaa kwenye kompyuta nikasoma, nikauliza waliopanda, nikaandika haya. Ni ya vijana wanaotafuta kazi mlimani, na pia wenye ndugu Norway, Kanada au Uswisi wanaoalikwa "twende tukateleze na skii". Kama unajua zaidi yangu, niongezee mwishoni.

1. THELUJI NA BARAFU NI VITU VIWILI

Wengi tunachanganya. Barafu ya kudumu ya Kilimanjaro ni ile minene iliyojikusanya kwa miaka mingi na kubaki juu Kibo. Hiyo ndiyo inayoisha. Wanasayansi walipima wakakuta kati ya 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa asilimia 85 hivi, na mwaka 2022 UNESCO walisema barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya zinatarajiwa kutoweka kufikia 2050.

Theluji ni kitu kingine. Hiyo inaanguka kama mvua inavyoanguka, inakaa siku, wiki au miezi, halafu inaondoka. Kwa hiyo ukisikia "theluji ya Kilimanjaro imekwisha" usidhani mlima umekuwa mkavu. Vuli ikichanganya, unaweza kuamka asubuhi Moshi ukakuta Kibo nyeupe tupu kana kwamba wamemwaga unga wa sembe.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Ukipanda mita 1,000, joto linashuka kama nyuzi 6.5. Kutoka Moshi mjini hadi kileleni (mita 5,895) ni kama mita 5,000, yaani nyuzi 32 zinaondoka. Moshi ikiwa na nyuzi 24, kileleni ni kama 8 chini ya sifuri. Na hii si nadharia tu: kuna kituo cha kupima hali ya hewa kilichowekwa mwaka 2000 juu ya barafu ya kaskazini na watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, na wastani wake wa mwaka ni kama 7 chini ya sifuri. Huo ni wastani. Usiku wa upepo ni habari nyingine.

Misimu ni ile ile tunayoijua. Mvua za vuli Oktoba mpaka Desemba, masika Machi mpaka Mei. Mvua inayokulowesha Moshi ikifika juu inakuwa theluji. Ndiyo maana mwanzo wa msimu wa theluji unaangukia Novemba na Desemba, wakati huo huo wageni wa Krismasi wanamiminika na vijana wageni kama mshkaji wangu wanaajiriwa.

2. WALIOTANGULIA BILA KUJUA

Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuona mlima mwezi Mei 1848 akaandika kuwa kaona theluji. Wasomi wa Ulaya wakambishia, theluji gani karibu na ikweta? Lakini kilichonigusa ni kwamba mwongozaji wake aliita kile cheupe kwa neno moja tu: baridi. Yaani wenyeji walishajua kinachofanya, jina la kigeni la nini?

Na walijua kwa gharama. Rebmann aliandika simulizi aliyopewa ya Mangi Rungua wa Machame, aliyetuma kundi kubwa la watu wapande wakaangalie kile kinachong'aa, akitumaini ni fedha. Kwa mujibu wa simulizi ile alirudi mtu mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi.

Tafakari hapo. Watu wametumwa na mkubwa, hawajui wanachokwenda kukikanyaga, hawana viatu. Mimi niliposoma nikamwona kaka yake mshkaji.

Baadaye wakaja wenye maandalizi. Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na kijana wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, anakumbukwa kama mwongozaji wao. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König wakapanda, na wakati wa kushuka wakatumia skii, zile mbao ndefu nyembamba za kufunga miguuni. Kumbe mlima wetu ulishatelezwa zamani! Barafu moja ya pale juu inaitwa Furtwängler mpaka leo.

3. KWA NINI YA MWANZO NDIYO MBAYA

Hapa ndipo penye kiini cha makala nzima, kwa hiyo soma taratibu. Theluji yenyewe ni laini, haiumi. Kinachoumiza ni kile ilichofunika, na theluji ya mwanzo wa msimu ni nyembamba: inatosha kuficha, haitoshi kubeba.

Kwenye nchi za baridi wanaoteleza nje ya viwanja rasmi, kule porini kusiko na walinzi, wanaiogopa sana theluji ya mwanzo. Sababu ya kwanza ni mawe na magogo. Yamefunikwa sentimita chache tu, ukija na kasi mguu umekwenda.

Sababu ya pili ni ya kijanja zaidi. Theluji ya kwanza inaanguka nyembamba, halafu zinafuata siku za anga jeupe na usiku wa baridi kali. Ardhi chini ina joto kidogo, juu kuna baridi kali. Mvuke unapanda kutoka chini kupita kwenye theluji na kuibadilisha punje zake. Zinakuwa kubwa, kavu, hazishikani, kama sukari. Halafu siku moja inaanguka theluji nyingi mpya, upepo unaikandamiza, inakuwa bamba gumu. Sasa una bamba limelala juu ya sukari, kwenye mteremko.

Usiniamini mimi, jaribu nyumbani. Chukua sinia, tandaza sukari, weka ubao wa kukatia mboga juu yake. Inua sinia upande mmoja taratibu. Kwanza hakuna kitu. Ongeza kidogo, hakuna kitu. Halafu ubao wote unaondoka kwa mara moja, fyuu! Hauondoki kipande kipande. Hilo ndilo poromoko la bamba, na ndilo linaloua wengi wa watelezaji. Mara nyingi anayelifyatua ni yeye mwenyewe au mwenzake, kwa uzito wake.

Sisi watu wa Mwanza hii tunaielewa bila kufundishwa. Nyumba za vilimani zimekaa kwenye udongo mwembamba juu ya jiwe. Mvua ikizidi, maji yanapita kati ya udongo na jiwe, udongo unateleza. Jiwe halina kosa, udongo hauna kosa. Kosa liko pale vinapokutana.

4. MAMBO MATANO WANAYOANGALIA WENZETU

Kabla hawajaingia mlimani wanasoma taarifa ya siku ile. Uswisi kuna taasisi ya SLF pale Davos, Colorado kuna kituo chao cha taarifa za maporomoko. Hatari inapangwa kwa namba 1 mpaka 5. Cha kushangaza, wengi hawafi kwenye 5, maana siku hiyo kila mtu anakaa ndani. Wengi wanafia kwenye 3, siku ambayo mambo yanaonekana "siyo mabaya sana".

Wakifika wanaangalia haya:

a) Poromoko jipya. Ukiona mteremko wa jirani umeshaporomoka, basi huo uliosimama juu yake ni ndugu yake. Hakuna ishara kubwa kuliko hii.

b) Sauti na nyufa. Ukikanyaga ukasikia mguno mzito kama mtu kakaa kwenye godoro, au ufa ukakimbia kutoka miguuni kwako, ile sukari ya chini imevunjika. Rudi kwa njia uliyojia.

c) Theluji nyingi mpya ndani ya siku moja au mbili, hasa kama ilikuja na upepo. Upepo unaihamisha theluji kutoka upande unaopigwa kwenda upande wa kivulini mwa upepo, huko inarundikana.

d) Joto la ghafla au jua kali baada ya baridi. Uzito haubadiliki, lakini gundi inayeyuka.

e) Ukali wa mteremko. Maporomoko mengi ya bamba yanatokea kati ya nyuzi 30 na 45. Huna kipimo? Simu yako inaweza kuwa nacho. Bila simu, chukua fimbo mbili zinazolingana. Moja isimamishe wima juu ya theluji, nyingine ilaze sawasawa kutoka kichwa cha ya kwanza kuelekea mlimani. Ikigusa theluji kwa ncha yake, hapo ni nyuzi 45. Ikibidi fimbo ya kulala iwe na urefu mara mbili ya ile ya wima, hapo ni kama nyuzi 27. Mkali kuliko huo, anza kufikiri.

Na kila mmoja anabeba vitu vitatu: kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea kutafuta mwili, na koleo. Anayefukuliwa ndani ya dakika 15 hivi ana nafasi kubwa ya kuishi. Baada ya hapo nafasi inaporomoka kama theluji yenyewe. Maana yake mwokoaji wako ni yule uliyeongozana naye, siyo helikopta. Na mpite mmoja mmoja penye mteremko wa mashaka, wengine wakitazama.

5. SASA TURUDI KIBO

Kwenye njia za kawaida za Kilimanjaro poromoko kubwa la theluji si jambo la kawaida. Kwa hiyo mshkaji asiende akiwa anaogopa kitu cha kwenye sinema. Lakini kanuni ni ile ile: uliza theluji imefunika nini. Kwetu imefunika vitu viwili, mawe yasiyoshikana na barafu nyembamba.

Mawe kwanza. Kibo imejaa mawe na kokoto za volkano, na usiku baridi inayashika kama saruji. Ndiyo sababu mojawapo ya kuanza safari ya kileleni kama saa sita usiku, ili ardhi ikiwa ngumu uwe unapanda. Jua likishapiga, kile kilichoshikwa kinaachiwa. Tarehe 4 Januari 2006 Wamarekani watatu waliuawa na mawe yaliyoporomoka kwenye njia ya Western Breach, na mawe yale yalikuwa yameshikwa na barafu iliyokuwa inayeyuka. Njia ilifungwa, ikafunguliwa tena Desemba 2007. Mwaka 2015 jiwe liliua mpandaji mwingine njia hiyo hiyo. Theluji ikianguka juu ya mawe hayo huyaoni, na ikiyeyuka mchana maji yanaingia nyufani, usiku yanaganda na kuyasukuma zaidi.

Barafu nyembamba ni ya pili. Mchana theluji ya juu inayeyuka kidogo, usiku inaganda, asubuhi njia imekuwa kioo. Mzigo kichwani, raba zimeisha soli, mteremko chini yako. Huhitaji poromoko kufa hapo.

Halafu kuna jua. Theluji mpya inarudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga, macho yanaungua kama ya mchomeleaji asiyevaa miwani. Usiku yanauma kama yana mchanga. Miwani ya jua kule siyo fasheni.

6. JINSI YA KUISOMA UKIWA BADO CHINI

Wavuvi wetu wa dagaa hawaendi ziwani usiku na karabai zao bila kutazama mawingu, upepo na maji. Wanajua dhoruba za ziwa hili zinapenda usiku. Mlima nao usomwe hivyo hivyo:

- Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu vuli. Vuli kubwa chini ni theluji nyingi juu.

- Utazame mlima alfajiri, saa kumi na mbili mpaka saa moja, kabla mawingu hayajaufunika. Weupe umeshuka mpaka wapi? Ukiwa kofia tu ya juu, ni kawaida. Ukiwa umeshuka mpaka usawa wa kambi ya Barafu au Kibo, mita 4,700 hivi, jua utalala kwenye baridi yenye unyevu na mzigo utaubeba kwenye utelezi.

- Tazama kesho yake tena. Weupe unapanda au unashuka? Siku moja haitoshi kukwambia kitu.

- Waulize wagumu walioshuka jana. Wagumu ndilo jina la wapagazi kule. Usiulize "kuna theluji?", uliza "ilianguka lini, inafika wapi ya mguu, chini yake kuna nini, asubuhi inateleza?" Hayo maswali manne yana thamani kuliko picha yoyote.

- Ukiwa juu, mkiambiwa mgeuke, geuka. Kilele hakihami.

7. MIGUU YAKO NI MTAJI WAKO

Hapa naongea na wewe mshkaji na wote wanaopanda basi.

Jinzi na soksi za pamba acha nyumbani. Pamba ikilowa inanyonya joto lako. Nenda mitumba ya Mlango Mmoja, tafuta sufu na zile jaketi za polista ambazo huku hazina wateja kwa sababu ya joto. Soksi jozi tatu, moja usiiguse, ni ya kulalia tu. Viatu vya kupandia vyenye soli yenye meno, viwe na nafasi ya kuchezesha vidole, maana kiatu kinachobana kinazuia damu. Ukikosa kabisa, mfuko wa nailoni kati ya soksi mbili unazuia maji.

Kidole kikianza kuuma kwa baridi, hiyo ni salamu. Kikiacha kuuma na kuwa cheupe bila hisia, hiyo ni hatari, usifurahi kwamba kimepona. Usikisugue, usikisugulie theluji, usikiweke motoni. Kiweke kwapani au kwenye tumbo la mwenzako, sema kwa kiongozi, shuka. Mwenzio akianza kutetemeka, kuongea kama mlevi na kujikwaa, mvue nguo zilizolowa, mfunike, mpe cha moto kama anaweza kumeza, ashushwe. Usimwache "apumzike kidogo".

Mzigo: kanuni ya hifadhi ni kilo 20, na mizigo inapimwa getini. Ukiona unapewa zaidi, sema pale pale getini. Kuna pia mradi wa kutetea wapagazi unaoitwa KPAP pale Moshi, unaosaidia hata kuazima mavazi ya mlimani. Nenda kabla ya safari, siyo baada.

Na kabla hujakubali kazi muulize bosi: nalala wapi, nakula mara ngapi, viatu vyangu ukiviona vinafaa? Akikujibu "raba zinatosha", wewe unajua sasa raba zinatosha wapi. Zinatosha Buzuruga.

Mshkaji alisoma haya kabla sijayaweka, akakaa kimya, akasema, "Kumbe Mangi naye alituma watu bila viatu." Safari ya Desemba hajaifuta. Ila hela aliyokuwa anunulie simu kaigawa, nusu imekwenda kwenye viatu. Kaka yake ndiye aliyemsindikiza mtumbani kuvichagua, akawa anaingiza mkono ndani ya kila kiatu kupima nafasi ya vidole.

Wadau mliowahi kubeba au kupanda, tiririkeni hapo chini: ni kitu gani hamkuambiwa?